Kura Yenye Alama ya Leon

Kitendawili: watu mia nne ishirini na saba wamesema neno zito, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Milwaukee yote pamoja na ziwa lake, nami nikutegulie: ni sanduku la kura.

Sanduku lenyewe lilikuwa la bati, limechubuka rangi pembe zote nne, na Jumamosi hiyo ya Februari lilikaa juu ya meza ndefu ya ukumbi wa chama, mbele ya Delfina Arriaga. Delfina alikuwa na miaka thelathini na mmoja na mikono ya mtu wa hamsini. Kwa miaka mitatu alikuwa ameshika grenda katika kiwanda cha kusubu chuma cha mji mdogo ulio mbali kidogo na Milwaukee, akisaga kingo za vyuma vya breki za malori. Wiki kumi na moja zilizopita aliiweka grenda chini, yeye na wenzake wote, wakatoka langoni kugoma. Leo walikuwa wamepiga kura: waukubali mkataba wa kampuni na kurudi kazini Jumatatu, au waukatae na kurudi kwenye theluji.

"Kanuni ni zile zile," alisema Verna Tolliver, mwenyekiti wa chama, mama mmoja mweusi mwenye sauti nzito, aliyeanza kufinyanga mchanga wa kalibu kabla Delfina hajazaliwa. "Kura haina jina, haina sahihi, haina alama yoyote ya kumjulisha mwenyewe. Yenye alama ya mtu imeharibika, tunaiweka kando. Na kura zikilingana, mkataba umekataliwa. Kuna ambaye hajaelewa?"

"Tumeelewa, Dada Verna!" ukumbi uliitika.

"Na wewe, Orville, usije ukanihesabia kwa Kifini."

"Kwa Kifini zingetoka nyingi zaidi," alijibu Orville Maki, mzee wa tanuri mwenye asili ya Ufini, ambaye ndiye aliyekuwa mhesabu wa pili baada ya Delfina. Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Kiliishia safu ya pili.

Safu ya tatu aliketi Leon Pawlak, na kando yake baba yake, Mzee Stanley. Delfina aliinua macho amtazame. Leon alitabasamu, ila tabasamu lile lilipita pembeni kidogo ya bega lake, kama mtu anayemsalimia aliye nyuma yako. Kachoka, Delfina alijisemea moyoni. Jana kalinda lango mpaka alfajiri.

Alimpenda. Acha nikwambie alivyompenda, maana bila hilo hutaelewa yaliyomkuta. Leon alikuwa mkaguzi, anakaa mwisho wa meza ya wasagaji. Kila chuma kilichopita mikononi mwa Delfina kilikwenda mikononi mwake. Kiwandani kuna kelele, mtu hawezi kutongoza, basi wakati wa chai Leon alikuwa akimsogelea na kusema, "Kitendawili." Naye Delfina hujibu, "Tega."

"Analala mwekundu, anaamka mweusi."

"Chuma!"

"Aa, umesoma kitabu changu."

Majira ya baridi mawili yalipita hivyo. Leon alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mpole, mtu wa kujifutafuta mikono kabla hajakushika. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya Pasaka, na kuifikisha hapo haikuwa kazi ndogo. Mama yake Delfina, Bi Amparo, alikuwa amekataa katakata. "Huyo ni wa daraja la kwanza, mwanangu," alikuwa akisema huku anageuza chapati za mahindi jikoni. "Ana pensheni huyo. Siku mambo yakikaza atakumbuka pensheni yake kwanza." Na Mzee Stanley naye hakumtaka Delfina, kwa kuwa aliingia kiwandani kwa mlango wa wakala wa vibarua, na vibarua, kwa Mzee Stanley, ndio waliochimba shimo ambalo chama kizima kilitumbukia.

Ni mgomo wenyewe uliowapatanisha. Kwa maana mgomo ulikuwa juu ya hilo hilo. Walioajiriwa zamani walikuwa daraja la kwanza: mshahara kamili, na uzeeni unapumzika. Walioajiriwa miaka ya karibuni, kama Delfina, walikuwa daraja la pili: joto lile lile, vumbi lile lile, mshahara pungufu, na uzeeni ujijue. Chama kilitaka daraja hilo lifutwe. Kampuni, ambayo mwaka ule wenye hisa wake walijigawia faida mpaka magazeti yakashangaa, ilileta neno lake la mwisho: daraja la pili libaki siku zote, na wa daraja la kwanza waongezwe kitu kizuri ili wasione haya.

Delfina alikuwa amesimama kando ya pipa la moto langoni, akasema mpaka sauti ikamkauka: "Wakitugawa leo, watakaokuja kesho watakuwa daraja la tatu! Hata hao wa juu, kuna siku watabaki wachache, na mtu mchache hana nguvu!" Na Leon alikuwa ubavuni mwake, kamshikia kipaza sauti. Siku hiyo Mzee Stanley alimletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akamwita binti yangu.

Basi hesabu ikaanza. Delfina anakunjua kura, anaisoma, anamwonyesha Orville, Orville anaiweka upande wake.

"Hapana."

"Hapana. Ndiyo."

"Ndiyo. Hapana."

Mafungu mawili yakapanda pamoja, yakilingana kama mapacha. Ilikuwa tayari saa nane na nusu mchana, zimebaki kura kama thelathini hivi, pale alipokunjua moja na vidole vyake vikagoma.

Kura nyingine zote zilikuwa na mstari mwembamba wa penseli. Hii ilikuwa na nta ya buluu, nene, imepigwa alama ya vyema iliyojaza kisanduku na kumwagika nje. Na mkiani mwa vyema ile kulikuwa na kiduara kidogo.

Ndani ya kisanduku cha NAKUBALI.

Kila mkaguzi ana alama yake, anayoipiga kwa kalamu ya nta, ili chuma kikirudi na ufa ijulikane nani alikipitisha. Mzee Stanley enzi zake alipiga vyema tupu. Leon alipoirithi meza ya baba yake aliongeza kile kiduara mkiani. Delfina alikuwa ameiona alama ile mara elfu ngapi sijui, kwenye chuma, na mara moja kwenye kadi ya siku yake ya kuzaliwa.

Orville alinyoosha shingo. "Huyu kasahau kama hayuko kazini," akasema, akacheka. Yeye ni mtu wa tanuri, vyuma vilivyokamilika hajaviona miaka. "Ila kachagua. Ndiyo?"

Verna akachungulia kwa miwani yake. "Imo ndani ya kisanduku. Delfina, unaonaje?"

Angesema nini? Angesema ile ni alama ya mtu, imeharibika, na mtu mwenyewe ni yule pale safu ya tatu, ameketi na baba yake?

"Ndiyo," alisema Delfina.

Wakati huo alidhani ni kura moja kati ya nyingi. Alidhani kidonda ni chake peke yake, atakwenda kukilia nyumbani. Aliendelea kukunjua. Mikono ilijua kazi, kichwa hakikuwapo.

Na zilipokwisha, Verna akahesabu mafungu, akayarudia, akavua miwani.

"Waliokubali, mia mbili na kumi na nne. Waliokataa, mia mbili na kumi na tatu."

Kiti kimoja kikaanguka. Wapo waliokumbatiana, kwa kuwa wiki kumi na moja ni nyingi. Na vijana wa safu za nyuma, wa daraja la pili, walianza kufunga majaketi yao pole pole bila kumtazama mtu, kama watu wanaotoka hospitali.

"Wahesabu, mna pingamizi?" Verna aliuliza. Ndivyo kanuni inavyotaka.

"Sina," alisema Orville.

Delfina alitikisa kichwa.

"Basi karatasi ya matokeo inakaa mlangoni saa nzima. Mwenye pingamizi aje kwangu kabla ya saa kumi. Ikifika saa kumi natia sahihi, nawapigia simu wakubwa wa kampuni, na Jumatatu tunarudi." Sauti yake ilipasuka hapo kwenye kurudi. Akageuka upesi, akajifanya anatafuta gundi.

Delfina alikuwa anatafuta njia ya kutoka pale Mzee Stanley alipomshika mkono. Mzee alikuwa mrefu, kibonge, na siku hiyo alionekana kama koti limetundikwa.

"Pole, binti yangu."

"Ahsante, mzee."

"Nilimwambia Leon asikuoe. Unajua hilo?"

"Najua. Aliniambia."

"Mjinga yule, anasema kila kitu." Mzee akajaribu kucheka. "Nilikosea. Mimi sina tabia ya kusema nilikosea, kwa hiyo sikiliza vizuri, sirudii." Akageukia mafungu ya kura mezani. "Mwaka wetu wa kugoma, ndugu yangu Frank alivuka lango akarudi kazini. Miaka thelathini na nane sasa. Tunakaa mitaa miwili tu. Mama yetu alipokufa tulisimama pande mbili za kaburi, hatukupeana hata mkono. Na hawa mia mbili na kumi na nne, laiti ningewajua kwa majina..."

"Ungefanya nini, mzee?"

"Vile vile."

"Hata angekuwa nani?"

"Hata angekuwa nani."

Delfina alimtazama usoni, akatafuta mahali popote palipolegea. Hapakuwapo.

Akatoka.

Leon alikuwa ameketi katika pikapu yake nje, injini inanguruma kwa ajili ya joto, mikono miwili juu ya usukani ingawa hakuna alikokwenda. Delfina aliingia upande wa pili, akafunga mlango. Theluji ilianza kukaa juu ya kioo.

"Delfi," alisema Leon. "Mpenzi wangu. Pole."

"Kitendawili," alisema Delfina.

Leon aligeuka. "Sasa hivi?"

"Kitendawili, Leon."

"Haya. Tega."

"Watu wote wameficha majina yao. Mmoja kaandika lake kwa nta."

Kifuta kioo kilipita mara moja, kikarudi. Delfina alisubiri acheke, akatae, amwambie umechanganyikiwa mwanamke wewe. Alikuwa tayari kumwamini hata kwa uongo.

"Nakupa mji," alisema Leon polepole, bila mzaha wowote. Ndivyo tunavyosema tukishindwa. Lakini midomo yake ilikuwa imekwisha kuwa myeupe.

"Siutaki mji. Nina dakika arobaini za kuweka pingamizi."

"Waliiona?"

"Wote waliiona. Mimi ndiye niliyeitambua."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Nimtaje mume wangu mtarajiwa mbele ya baba yake? Wewe ulinishikia kipaza sauti, Leon! Ulikuwa umesimama hapa!" Akajipiga bega la kushoto. "Hapa! Nikisema tusiwauze wenzetu, ulikuwa unapiga makofi kuliko wote. Kumbe ulikuwa unaniuza mimi?"

"Sikukuuza."

"Unaitaje basi? Maana mimi darasani niliambiwa mtu akimtoa mwenzake apate chake, ameuza."

"Delfi..."

"Mama alisema. Siku ya kwanza kabisa alisema, na mimi nikamwambia humjui."

"Nisikilize."

"Na kwa nini nta? Penseli zilikuwamo kwenye kibanda cha kura, zimefungwa kwa uzi! Hata kunisaliti umeshindwa kunisaliti kwa adabu, nikabaki sijui?"

"Sikuona," alisema Leon.

"Hukuona penseli?"

"Penseli niliiona. Mstari wake ndio sikuuona."

Leon aliachia usukani, akajifutafuta viganja magotini, vile anavyofanya siku zote kabla hajamshika. Safari hii hakumshika.

"Nilichora mara mbili," alisema. "Sikujua kama nimechora ndani au nje. Taa ya mle hafifu. Nikaogopa kura isipotee bure. Nta ilikuwa mfukoni, mkono ukaenda wenyewe. Hata hicho kiduara, sijui kama nilikiweka. Nilikiweka?"

"Ulikiweka."

"Basi."

"Tangu lini, Leon?"

"Tangu mwaka jana, kama mwezi wa tano. Katikati kunaingia wingu. Pembeni naona, katikati hapana. Nikitaka kukuona uso lazima nitazame sikio lako."

Ndipo Delfina alipolikumbuka tabasamu la bega, na matabasamu mengine mengi.

"Zile Alhamisi za Milwaukee," alisema. "Fundi wa pikapu."

"Pikapu haina shida. Ni daktari. Ananichoma sindano."

"Wapi?"

"Kwenye jicho lenyewe."

"Yesu na Maria."

"Haiumi sana. Inaumiza kuiona inakuja." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuomba radhi. "Kila wiki ya tano, inazuia wingu lisikue. Kampuni ilikata bima ya matibabu siku ile ile tulipotoka langoni. Nimekosa mbili. Ya tatu ilikuwa iwe juzi. Na kinachoondoka hakirudi, daktari alishaniambia tangu mwanzo. Hakirudi."

"Na vyuma?" Delfina alishtuka. "Ulikuwa unapitisha breki za malori huoni?"

"Nagonga kwa nyundo, nasikiliza. Chenye ufa hakiimbi, kinakohoa. Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na sita. Hakijarudi hata kimoja, Delfi. Hata kimoja."

"Kulikuwa na mfuko wa wagonjwa wa chama. Tunao! Mimi ndiye katibu wake! Nimewapelekea watu dawa za sukari, za moyo, nimembeba mke wa Orville mpaka kliniki. Na wewe ulikuwa hapa, unakula maharage mezani kwa mama yangu, unapofuka umenyamaza?"

"Nije kwako nikwambie nini? Katibu, andika: mkaguzi, kipofu? Ungetakiwa kuisoma mbele ya kamati. Baba yuko kamati ya wastaafu. Siku ya pili kampuni inajua, siku ya tatu sina meza. Miaka kumi na tisa, nimeshika nyundo tu."

"Ungeniambia mimi. Siyo katibu. Mimi."

Nje vijana wawili walipita wamebeba mabango yao kichwa chini, wakayatupa nyuma ya gari moja.

"Nilitaka nikuoe ningali naona uso wako," alisema mwishowe. "Ndiyo hayo tu. Ni ujinga, najua."

Hapo ndipo hasira zote za Delfina zilipokosa pa kukaa. Alizitafuta, zipo, lakini hazikuwa na mtu wa kumwangukia. Alipiga dashibodi kwa ngumi.

"Nchi gani hii," alisema, "daktari anakagua kadi ya bima kwanza ndipo akague jicho? Wamefunga dawa yako kwenye mlango wao wa kiwanda, Leon. Ukiuacha mlango unapofuka, ukiurudia unanitia mimi minyororo. Na sisi tunagombana humu ndani! Wenye hisa wako wapi? Florida, wanaota jua."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeandika hapana."

"Ningeandika hapana, na Aprili ningekuwa naoa huku nashikwa mkono kama mtoto. Niambie wewe. Ungekuwa wewe ungeandika nini?"

Alifungua kinywa. Hakika alitaka kusema hapana, kwa kuwa ndilo lililokuwa jibu lake kwa wiki kumi na moja. Likakwama njiani.

Leon akashika kitasa cha mlango. "Naenda mwenyewe."

"Wapi?"

"Kwa Verna. Nitasema ile ni yangu, ina alama, imeharibika. Zitalingana, mkataba umekufa. Wewe hutakuwa umesema neno."

Delfina alimdaka jaketi. "Kaa."

"Niachie, Delfi."

"Kaa chini! Baba yako yuko mle. Unajua atakavyofanya?"

"Kama alivyomfanya Ami Frank."

"Na sindano? Jumatatu bima hairudi, wiki mbili zaidi, mwezi zaidi. Utabaki na nini?"

"Basi nenda wewe."

"Siwezi!"

"Basi tufanye nini?" Sauti ya Leon ilitoka nyembamba, kama si yake. "Niambie la kufanya, nitafanya. Lolote."

Delfina alimshikilia jaketi vile vile.

Kioo kikagongwa. Wote wawili wakaruka. Alikuwa Mai See Lor, msagaji wa meza ya jirani, binti wa miaka ishirini na minne, kofia imemfunika nyusi, pua nyekundu kwa baridi na kwa kulia. Delfina akashusha kioo.

"Samahani, Da Delfi. Samahani, Leon. Nataka kuuliza kitu kimoja tu, nikalale." Alivuta kamasi. "Ni kura moja kweli?"

"Moja."

"Mlihesabu mara mbili?"

"Mbili."

"Wenzangu wanasema tumwambie Verna zihesabiwe tena. Dakika kumi na tano zimebaki. Mimi nikawaambia, kama Da Delfi amekunjua zile karatasi kwa mkono wake, basi zimekunjuliwa vizuri. Wewe ndiye wetu pale mezani." Akamtazama moja kwa moja. "Zote zilikuwa nzuri? Hakuna yenye kasoro?"

Pembeni yake Delfina alimsikia Leon anaacha kupumua.

Alimfikiria Mai See akiwa na miaka sitini, bado kainamia grenda kwa sababu hana pa kwenda kupumzika. Alijifikiria mwenyewe. Alifikiria sindano inayoshuka polepole kuelekea jicho, na siku ambayo haitashuka.

"Zote nzuri, mdogo wangu," alisema.

Mai See aliitikia kwa kichwa. Akaingiza mkono dirishani, akambana Delfina kidole kimoja kwa glavu yake iliyolowa, akaenda zake. Aliwafikia wenzake kwenye ngazi za ukumbi, akasema neno, nao wakatawanyika kila mtu na gari lake. Waliridhika upesi mno. Wangebisha kidogo tu, Delfina aliwaza, wangenisaidia.

Kioo kikapanda. Saa ya pikapu ilisema tisa na dakika arobaini na nane.

"Bado tunaweza," alisema Leon.

"Ndiyo. Bado."

Wakakaa. Dakika zile kumi na mbili zilikuwa ndefu kuliko mgomo. Mara mbili Leon alishika kitasa, mara mbili akakiachia bila kushikwa na mtu. Mara moja Delfina alifungua mlango kabisa, mguu mmoja ukakanyaga theluji, baridi ikaingia. Akakaa hivyo, nusu ndani nusu nje, kisha akaurudisha mguu. Kila mmoja alikuwa anamwombea mwenzake apate nguvu, na kila mmoja alikuwa anaomba mwenzake asizipate.

Saa kumi kamili Verna Tolliver alitoka, akabandua karatasi mlangoni. Haikubanduka vizuri, kipande kimoja kilibaki, naye akakikwangua kwa ukucha muda mrefu, amewapa mgongo. Kisha akaingia ndani.

"Delfi," alisema Leon. "Sema kitu. Nitukane."

"Sogea. Naendesha mimi."

"Najua njia."

"Najua unaijua. Sogea."

Walibadilishana viti bila kushuka, wakipitana kwa shida juu ya gia, na kwa kitambo kifua cha mmoja kilikuwa juu ya kifua cha mwenzake, na pumzi zao pamoja. Wiki iliyopita wangecheka hapo. Leon alimgusa shavu, kwanza na kidole kimoja kutafuta lilipo, halafu kiganja chote. Delfina alifumba macho. Hakukiondoa kiganja kile, wala hakukiegemea.

"Pasaka bado ipo?" aliuliza Leon kwa sauti ya chini.

"Usiniulize leo."

"Nikuulize lini?"

"Sijui, Leon. Jumatatu nitavaa kadi ya daraja la pili, wewe ya kwanza, nami nitakupitishia vyuma. Sijui nitakutazamaje. Sijui nitamtazamaje Mai See. Nikikuacha nimekuacha ukiwa unapofuka, mimi ni mtu gani? Ukinioa kila nikikupikia nitakumbuka. Nakupenda mpaka meno yananiuma, na haisaidii chochote. Unaona? Haisaidii."

"Naona," alisema Leon, kisha wote wawili wakalisikia neno hilo, wakaliacha lipite.

Delfina alitoa gari polepole. Walipita lango la kiwanda. Pipa la moto lilikuwa bado linatoa moshi, hakuna mtu kando yake. Walipita kanisa, walipita duka la matairi, mpaka njia panda ya mwisho wa barabara kuu, ambako taa ilikuwa nyekundu. Akasimama. Kushoto ni nyumbani kwa Leon, ambako Mzee Stanley angefika jioni kula, kama kila Jumamosi, na kuwalaani mia mbili na kumi na nne mezani. Kulia ni kwa Bi Amparo, ambaye angetosheka kumtazama binti yake usoni tu, ajue yote.

Theluji ilianguka kwa wingi. Hapakuwa na gari mbele wala nyuma. Leon aliegemeza kichwa kitini, uso wake umeelekea barabarani, macho wazi.

"Taa imeshakuwa kijani?" aliuliza.

Ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani tangu kitambo. Delfina aliitazama ikimulika theluji, mikono yote miwili usukanini, na mguu ukakataa kuondoka kwenye breki.

"Bado," alisema.